Kete Mbili Zatosha: Maisha ya As-Suli, Bingwa wa Sataranji wa Baghdad



Kazi imeniweka mbali na bahari kwa sasa, huku Sirisia, kaunti ya Bungoma, upande wa Mlima Elgon na si mbali na mpaka wa Uganda pale Lwakhakha. Watu wa huku wana michezo yao ya jioni kama sisi tulivyo na bao letu barazani. Wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na siku hizi vijana wa shule wameanza kuipenda chesi, mchezo ambao kwa Kiswahili cha wazee wetu unaitwa sataranji. Wanaanza vizuri sana. Lakini nimeona jambo moja kwao ambalo nililiona pia Mombasa, Malindi na Lamu: kijana akishaliwa kete yake kubwa, hupangua ubao. Hangoji mwisho. Anahesabu alichopoteza, hahesabu kilichobaki.

Tabia hiyo haiishii kwenye ubao. Mtoto anapata alama mbaya katika mtihani mmoja, anasema shule imemshinda. Mvuvi anapoteza wavu msimu mmoja, anauza na chombo. Mimi mwenyewe nina diploma, na niliwahi kuketi mbele ya watu wa mahojiano wakanieleza kwamba bila digrii safari yangu imefika mwisho. Wiki hii basi nimeona niwasimulie maisha ya mtu ambaye alijua kuliko wengi nini cha kufanya pale watu wote wanapodhani mchezo umekwisha. Alikuwa Muislamu, mwanachuoni, mwandishi wa historia, na kwa miaka mingi jina lake ndilo lililokuwa kipimo cha sataranji katika ulimwengu wa Kiislamu. Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Yahya as-Suli.

As-Suli alizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 9. Jina la ukoo wake linatokana na babu yake wa zamani, Sul, aliyekuwa mtawala wa asili ya Kituruki katika nchi ya Jurjan, kusini-mashariki mwa Bahari ya Kaspi. Sul alishindwa na jeshi la Waislamu, akasilimu mikononi mwa jemadari Yazid bin al-Muhallab. Angalia ajabu ya mambo. Babu alipoteza ufalme, lakini kizazi chake kikaingia Baghdad na kutoa makatibu na washairi walioheshimiwa na makhalifa. Mmoja wao alikuwa Ibrahim bin al-Abbas as-Suli, mshairi na katibu mashuhuri wa karne ya 9. Upanga uliwaponyoka, wakashika kalamu.

Kijana Abu Bakr alisoma kwa walimu wakubwa wa Baghdad: hadithi, lugha, mashairi, na habari za watu. Pamoja na hayo akajifunza sataranji. Wakati huo mchezo huo ulikuwa umeshatoka Bara Hindi, ukapitia Uajemi, ukafika kwa Waarabu na kustawi katika miji yao. Kabla ya as-Suli walikuwapo mabingwa wakubwa. Al-Adli aliandika kitabu cha sataranji, na ar-Razi akamshinda al-Adli mbele ya Khalifa al-Mutawakkil. Mabingwa wa daraja la juu kabisa walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapa inafaa nieleze kidogo sataranji ya enzi hizo, maana bila hilo hatutaelewa ukubwa wa mtu huyu. Ubao ulikuwa na miraba 64 kama wa leo, lakini haukuwa na rangi mbili. Kila upande ulikuwa na shaha, ambaye ndiye mfalme, na pembeni yake hakukuwa na malkia wa kukimbia ubao mzima. Alikuwapo waziri, na huyo waziri alikwenda mraba mmoja tu, tena kwa pembe. Palipo na askofu leo alikuwapo ndovu, aliyeruka miraba miwili kwa pembe. Farasi na ngome walikwenda kama wanavyokwenda leo. Askari walisogea mraba mmoja mmoja, na askari aliyefika mwisho wa ubao aligeuka kuwa waziri, yule yule dhaifu.

Kwa hiyo mchezo ulikuwa wa polepole, na mara nyingi uliamuliwa mwishoni, kete zikiwa chache. Njia za kushinda zilikuwa tatu. Ya kwanza ni shaha mati, pale mfalme anapobanwa asiwe na pa kukimbilia. Ya pili ni kumfungia mwenzako asiweze kusogeza kete yoyote. Leo hali hiyo inahesabiwa sare, lakini kwao aliyefungiwa alikuwa ameshindwa. Ya tatu ni kumvua shaha wa mwenzako kete zake zote abaki peke yake, na hapo umeshinda, ila kama naye anaweza kukuvua wako katika zamu inayofuata. Kwa sheria hizo, kete moja ndogo iliyobaki ilikuwa na thamani ya ufalme mzima.

Sasa turudi kwa as-Suli. Khalifa al-Muktafi alitawala Baghdad kuanzia 902 hadi 908, na alikuwa na bingwa wake wa sataranji aliyeitwa al-Mawardi. Huyu si yule mwanasheria al-Mawardi aliyeandika juu ya hukumu za utawala. Yule alizaliwa miaka mingi baadaye. Mchezaji huyu alikuwa mwandani wa khalifa, kipenzi chake, na hapakuwa na mtu wa kumgusa. Watu wakamsifia as-Suli mbele ya khalifa, na ikapangwa wawili hao wacheze.

Fikiria hali ya mgeni yule. Anacheza katika nyumba ya mwenzake, mbele ya mtawala wa dola, na mtawala huyo haoni haya kuonyesha yuko upande gani. Inasimuliwa kwamba al-Muktafi alimshabikia al-Mawardi waziwazi, kiasi kwamba as-Suli mwanzoni alibabaika na mawazo yakamchanganyika. Mchezo ulipoendelea akatulia. Akaacha kusikiliza baraza, akatazama ubao. Hatua baada ya hatua akageuza mambo, na mwisho wake akashinda ushindi usio na shaka hata kidogo, mpaka khalifa mwenyewe akakubali kwamba bingwa wake amepatikana. Na kwa kuwa jina al-Mawardi linatokana na maji ya waridi, khalifa akamfanyia kipenzi chake wa jana mzaha mkali, kwamba maji yake ya waridi yamegeuka mkojo. Mapenzi ya wakubwa ndivyo yalivyo. Asubuhi unanukia, jioni unanuka.

Aliyetuhifadhia habari hizi ni al-Masudi, mwandishi wa Muruj adh-Dhahab, na sisi wa Pwani tuna sababu ya kumjua. Al-Masudi alisafiri katika bahari yetu. Alifika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wanazuoni wengi wanakihusisha na Pemba, na safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka wa 304 Hijria, sawa na 916 au 917 Miladia. Yaani wakati as-Suli akiketi mbele ya ubao wake Baghdad, mtu ambaye angeandika sifa zake alikuwa ameshapigwa na mawimbi ya bahari hii hii tunayovua changu na kolekole.

Baada ya al-Muktafi, as-Suli alibaki katika jumba la khalifa al-Muqtadir, na akapewa kazi kubwa kuliko sataranji: kumlea kielimu mtoto wa khalifa aliyekuja kuitwa ar-Radi. As-Suli alimfundisha mwanafunzi wake mashairi, lugha na habari za waliotangulia. Kuna kisa alichokiandika mwenyewe. Siku moja watumishi wa bibi yake mtoto waliingia darasani, wakavizoa vitabu vyote na kuondoka navyo kwenda kuvikagua, kisha wakavirudisha baada ya saa kadhaa. Kijana alikasirika, akawatuma wapeleke ujumbe kwamba vile ni vitabu vya hadithi za Mtume, fiqhi, lugha na mashairi, vitabu vya wanachuoni, si kama vile vinavyosomwa huko ndani vya maajabu ya bahari na visa vya Sindbad. Mwalimu aliyemlea mtoto wa kusema hivyo alijua kazi yake.

As-Suli alipenda vitabu kupita kiasi. Alikuwa na maktaba kubwa nyumbani, vitabu vimepangwa kwa majalada ya rangi mbalimbali, na wenye wivu wakamtungia shairi la kumcheka kwamba elimu yake iko kabatini, akiulizwa jambo humwita mtumishi alete kitabu. Lakini kicheko hicho hakikumzuia. Alikusanya mashairi ya washairi wengi na kuyapanga kwa utaratibu. Miongoni mwao ni Abu Nuwas, yule yule ambaye kwetu amekuwa Abunuwasi wa hadithi za kuchekesha. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki karibu mwaka wa 814, na as-Suli ni mmoja wa watu waliohakikisha mashairi yake hayapotei.

Ar-Radi alikuwa khalifa mwaka wa 934, na mwalimu wake akawa mwandani wake wa karibu. Inasimuliwa kwamba siku moja khalifa alikuwa akitembea katika bustani yake yenye maua na majani mazuri ajabu. Wenzake wakaanza kuisifu, kila mmoja akizidisha. Ar-Radi akawakatiza, akawaambia kwamba uchezaji wa as-Suli katika sataranji unampendeza kuliko maua yale na kuliko vyote walivyovitaja. Kwa mtu aliyeingia jumba lile kama mgeni asiyetakiwa, hapo alikuwa amefika kileleni.

Lakini aliye juu mngoje chini. Dola ya Bani Abbas yenyewe ilikuwa imefika mwisho wa mchezo wake. Al-Muqtadir aliuawa mwaka wa 932. Al-Qahir aliyemfuata alipinduliwa na kupofushwa macho mwaka wa 934. Hata ar-Radi, mwaka wa 936, alilazimika kukabidhi jeshi na hazina kwa mtu aliyepewa cheo cha amiri wa maamiri. Tangu hapo khalifa wa Baghdad alikuwa kama shaha aliyevuliwa kete: jina lipo, kiti kipo, nguvu hakuna. As-Suli aliyaona yote hayo kwa macho yake akiwa ndani, na akawa anaandika.

Ar-Radi alifariki mwaka wa 940, akiwa na umri wa miaka 31 hivi. Khalifa mpya, al-Muttaqi, hakutaka wandani wa kukaa naye. Riziki ya as-Suli ikakatika. Akaenda Wasit kwa Bajkam, amiri wa Kituruki aliyeshika madaraka, na huko akapata hifadhi. Haikudumu, kwa sababu Bajkam aliuawa mwaka wa 941. Mzee akabaki hana khalifa, hana amiri, na fedha zimekwisha. Kisha likaja kubwa zaidi. Alisimulia habari fulani inayomhusu Sayyidna Ali (R.A.), watu wakaghadhibika, wakubwa kwa wadogo, wakamtafuta wamuue. Akakimbilia Basra na kujificha. Huko ndiko alikofariki akiwa maskini, mwaka wa 335 au 336 Hijria, yaani karibu mwaka wa 947 Miladia.

Ukisimamisha hadithi hapo, utasema as-Suli alishindwa. Kete zake kubwa zote ziliondoka: khalifa aliyempenda, mshahara, na ule mji aliokulia. Mtazamaji wa kawaida angepangua ubao. Ila as-Suli alikuwa mwalimu wa mwisho wa mchezo, na tukitaka kumhukumu tutumie somo lake mwenyewe.

Katika vitabu vyake vya sataranji, as-Suli alikosoa makosa ya al-Adli, akaeleza namna ya kupanga kete mwanzoni, na akaweka mafumbo. Mafumbo hayo ya zama zile mara nyingi yalikuwa ya hali moja: upande mmoja unaonekana umekwisha, umebakiza zamu moja au mbili tu kabla ya kufa, na msomaji anaambiwa upande huo huo ndio wa kushinda. Linalojulikana zaidi ni fumbo la Dilaram. Kwa mujibu wa hadithi yake, bwana mmoja alicheza kamari mpaka akaishiwa, akaweka rehani mke wake aitwaye Dilaram, maana yake utulivu wa moyo. Mchezo ukamwelemea. Mke aliyekuwa nyuma ya pazia akautazama ubao, akaona ambacho mumewe hakukiona, akamshauri atoe ngome zake zote mbili amwokoe yeye. Bwana akatoa ngome ya kwanza. Akatoa ya pili. Kisha kwa askari mmoja na farasi mmoja, akisaidiwa na ndovu, akampiga mpinzani wake shaha mati.

Kisa hicho kinatufunza mambo mawili. La kwanza ni ubaya wa kamari, na halihitaji maelezo. La pili ni la kiufundi. Ngome ndiyo iliyokuwa kete yenye nguvu kuliko zote katika sataranji ya zamani, na yule bwana alikuwa anashindwa akiwa nazo mbili. Zilikuwa zimemziba macho. Aliposhikilia alichokithamini, alikuwa anakufa. Alipokiachilia kwa wakati unaofaa, hivyo vidogo vilivyobaki vikafanya kazi. Ukizidiwa, usiulize tu una nini. Uliza kila ulicho nacho kinafanya kazi gani katika zamu hii.

Fumbo kubwa zaidi la as-Suli lenyewe ni la kete nne tu. Leo wachezaji wa dunia wanaliita Almasi ya as-Suli. Kila upande una shaha mmoja na waziri mmoja, basi. Mtu yeyote akitazama atasema ni sare, maana mawaziri hao ni dhaifu na wafalme hawawezi kukaribiana. As-Suli aliandika kwamba fumbo hilo ni la zamani, kwamba wala al-Adli wala mwingine hakuwa amelieleza, na kwamba hakuna aliyelijua jibu ila yule aliyefundishwa na yeye. Hakuliandika jibu. Karne zikapita, na fumbo likabaki kimya kwa miaka zaidi ya 1000. Katika miaka ya 1980, bingwa wa Kirusi Yuri Averbakh, aliyekuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa mwisho wa mchezo duniani, ndiye aliyeonyesha kwamba as-Suli alikuwa mkweli. Upande unaoanza unashinda.

Unashindaje? Shaha wake haendi mbio kumkamata waziri wa adui. Akifanya hivyo, shaha wa adui atafika kumlinda na mchezo utakuwa sare. Badala yake anasimama mahali panapomzuia shaha mwenzake kurudi, halafu anamsukuma mbali, mraba kwa mraba, bila kumgusa, mpaka amfikishe upande wa mbali wa ubao. Waziri wake naye husogea kidogo, hata kurudi nyuma, ili kumwachia adui zamu mbaya ya kucheza. Ni hapo tu, adui akiwa mbali na mali yake, ndipo shaha anageuka kwenda kumchukua yule waziri mpweke. Kuharakisha kunaharibu kila kitu. Wahenga walisema subira yavuta heri, na as-Suli akalithibitisha neno hilo kwenye miraba 64.

Kanuni hiyo haijafa katika chesi ya leo. Mchezo ukiwa na kete nyingi, mfalme hujificha. Kete zikipungua, mfalme anakuwa mpiganaji. Chukua mfano wa mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu. Wengi humkimbiza askari mbele, na adui anamzuia kwa urahisi. Anayejua humtanguliza mfalme. Mfalme akifika safu ya sita mbele ya askari wake, ushindi ni wake hata zamu ikiwa ya nani, isipokuwa kwa askari wa ukingoni mwa ubao. Na wafalme wawili wakitazamana kukiwa na mraba mmoja katikati, anayelazimika kusogea ndiye anayeachia njia. Hayo si mambo ya akili nyingi. Ni mambo ya kujifunza, na kijana wa miaka 10 anaweza kuyashika kwa jioni moja. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kati ya 1921 na 1927, alishauri mtu aanze kujifunza chesi kwa mwisho wa mchezo kabla ya mwanzo wake. Sisi hufanya kinyume.

Najua wapo watakaouliza kuhusu hukumu ya mchezo wenyewe, na wana haki. Maulamaa walitofautiana. Wapo waliouharamisha kabisa, na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo Pwani, kauli inayojulikana ni kwamba ni makruhu, madhali hakuna kamari, hakuna kuchelewesha sala, na hakuna maneno machafu. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Mimi sikuja kutoa fatwa. Ila nasema kijana anayecheza chesi bila dau kisha akainuka adhana inapolia, yuko mahali salama kuliko yule aliye kwenye simu akicheza kamari ya mechi za Ulaya kwa pesa ya chakula cha nyumbani.

Sasa turudi kwa yule mzee aliyejificha Basra. Kete zake kubwa zilikuwa zimeliwa. Alibaki na nini? Alibaki na kitabu, na alibaki na wanafunzi.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Awraq, kilibeba habari na mashairi ya watawala wa Bani Abbas. Sehemu inayohusu siku za ar-Radi na al-Muttaqi ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo, aliyewajua wahusika kwa majina na tabia zao. Kilipochapishwa katika karne ya 20, wanahistoria walipata humo dirisha la kuchungulia dola inavyoanguka ukiwa ndani yake. Wale maamiri waliogombea hazina ya Baghdad leo wanajulikana kwa sehemu kubwa kwa sababu mwandani huyu, aliyekosa hata mshahara, alikaa chini akaandika.

Kati ya wanafunzi wake, anayekumbukwa zaidi kwenye sataranji ni al-Lajlaj, na jina hilo maana yake ni kigugumizi. Mtu mwenye shida ya kusema ndiye aliyebeba elimu ya mtu aliyekuwa fundi wa kusema. Al-Lajlaj aliandika uchambuzi wa kina wa mipango ya kuanzia mchezo, akaenda Shiraz katika dola ya Adud ad-Dawla, na huko Shiraz, mji ambao jina lake tunalibeba katika nasaba zetu nyingi za Pwani, ndiko alikofariki.

Na jina la mwalimu likaendelea. Miaka 300 baada ya kifo chake, mwandishi wa wasifu Ibn Khallikan alieleza kwamba watu wa zama zake walipotaka kumsifu mchezaji mzuri walimfananisha na as-Suli, na kwamba wapo waliodhani as-Suli ndiye aliyeubuni mchezo. Ikabidi Ibn Khallikan awasahihishe kwamba sataranji ilitoka India kabla yake. Al-Mawardi, aliyekuwa na khalifa upande wake, tunamkumbuka kwa sababu alishindwa na as-Suli.

Kwa hiyo ndugu zangu, walimu wa Sirisia na wa Pwani, na wazazi mnaowanunulia watoto ubao wa chesi, nawaomba jambo dogo. Msianze na ubao uliojaa. Waondoleeni kete zote, muwaachie mfalme na askari mmoja, muwafundishe namna ya kuvuka. Wakishazoea kushinda kwa kidogo, hawatatishika siku watakapopoteza kikubwa. Na mtoto akija nyumbani na matokeo yaliyomvunja moyo, kaeni naye mhesabu pamoja kilichobaki: ni somo gani analolimudu, ni ufundi gani mikono yake inaupenda, ni nani wa kumshika mkono, na zamu inayofuata ni ya nani. Mara nyingi mtagundua zamu bado ni yake.